Mume wangu anasimama kusaidia kila mtu njiani, nimshukuru vipi bila kumharibia ikhlasi yake?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wangu. Mimi ni mke na mama wa watoto wawili. Hivi karibuni tulisafiri na mume wangu na watoto kwa gari, safari ya kutwa nzima, na njiani mume wangu akawa anasimama kusaidia watu ambao hata hatuwajui. Kuna mzee alipata pancha, jeki yake ikawa inazama tu kwenye mchanga, mume wangu akashuka akatafuta kipande cha ubao akakiweka chini ya jeki, akapiga magoti kwenye vumbi na nguo zake safi mpaka tairi likafungwa, mzee akatoa hela akakataa, akamwambia mzee wangu we niombee dua tu. Mbele tena tukamkuta mama anatembea juani na mtoto mgongoni, akapunguza mwendo akaniuliza mimi kwanza, "mama watoto, tumchukue akae nyuma na watoto?" Nikakubali shingo upande maana nilikuwa nishaanza kununa, nalalamika tutafika usiku, na kusema kweli kuna kawivu kaliniingia. Tulipofika usingizi haukuja nikawa namfikiria huyu mwanaume. Ni mtu wa kimya hana maneno matamu, na tukigombana huwa namwambia hujawahi kunijali hata siku moja. Sasa naona aibu sheikh. Je nikimsifia usoni nitamharibia ikhlasi yake, ile nia safi ya kufanya kwa ajili ya Allah tu? Inafaa nimposti watu waone wema wake? Na mimi nina fungu lolote kwenye thawabu zile wakati nilikuwa nalalamika? Na huo wivu ni dhambi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Allah akubarikie wewe na mumeo na hao watoto. Swali lako limenifurahisha sana, maana maswali ya ndoa yanayokuja mengi ni ya kushtaki, mume kafanya hivi mke kafanya vile, wewe umekuja kuuliza namna ya kushukuru, na hiyo ni dalili ya kheri iliyopo moyoni mwako hata kama siku ile ulinuna.

Nitajibu yote uliyouliza lakini naomba nianze na jambo moja ambalo hujaliuliza na mimi naliona ndo kubwa kuliko yote. Mke ni shahidi wa mumewe. Watu wote aliowasaidia siku ile wameshaondoka na njia zao, yule mzee hata jina la mumeo pengine halijui, na mumeo mwenyewe ameshasahau, watu wa aina yake husahau haraka sana. Aliyeona yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho ni wewe uliyekaa pale kwenye kiti cha mbele. Sasa ushahidi huo una kazi yake katika dini yetu.

Kumbuka kisa cha Bi Khadija (r.a.) pale wahyi uliposhuka mara ya kwanza, mwaka 610. Mtume (s.a.w.) ana umri wa miaka 40, anarudi kutoka pango la Hira moyo unamdunda, anaingia nyumbani anasema nifunikeni, nifunikeni, wakamfunika mpaka ile hofu ikapungua, akamueleza mkewe yaliyomkuta akamwambia mimi nimeihofia nafsi yangu. Hadithi hii ipo mwanzoni kabisa mwa Sahih Bukhari na Muslim nae kaipokea. Sasa sikiliza jibu la mke. Alimwambia hapana, wallahi Allah hatakufedhehesha kamwe, wewe unaunga udugu, unambebea mzigo asiyejiweza, unampa asiye na kitu, unamkirimu mgeni, na unawasaidia watu wanapofikwa na shida za haki.

Rudia hayo maneno polepole dada yangu uone yamebeba nini. Ukitoa lile la kuunga udugu, yote yaliyobaki ni mambo anayowafanyia watu wa nje, mnyonge, fukara, mgeni, mtu aliyefikwa na janga. Bi Khadija angeweza kumpoza kwa kumwambia we ni mume mwema kwangu, na ingekuwa kweli tupu, lakini yeye akaenda kwenye yale aliyoyaona kwa macho yake mumewe akiwafanyia watu ambao hawana cha kumlipa. Akayataja moja moja kwa majina yake. Na akayageuza kuwa hoja, yaani mtu mwenye sifa hizi Mola wake hawezi kumuacha aaibike. Walikuwa wameshaishi pamoja kama miaka 15 hivi kwa mapokezi yaliyo mashuhuri, na wakati wote huo yule mama alikuwa anaona na anaweka moyoni. Hata kabla ya ndoa, wanazuoni wa sira (historia ya maisha ya Mtume) wanatueleza kwamba alipompeleka Sham (nchi za upande wa Syria) na mali yake ya biashara alimpa mtumishi wake Maysara waende pamoja, na Maysara aliporudi ndo akamsimulia bibi yake aliyoyaona safarini, na baada ya hapo ndo Bi Khadija akapendelea kuolewa nae. Kwahiyo tabia ya mtu njiani ilikuwa ina uzito kwake tangu mwanzo.

Na safari kweli inamtoa mtu alivyo. Imepokewa kwamba mtu mmoja alitaka kumtolea mwenzake ushahidi mbele ya Sayyidna Umar (r.a.), Umar akamuuliza we ni jirani yake? Mmefanya biashara ya hela? Umesafiri nae? Kila akiulizwa anasema hapana, Umar akamwambia basi wewe humjui. Na Mtume (s.a.w.) amesema safari ni kipande cha adhabu, inamzuia mmoja wenu usingizi wake na chakula chake na kinywaji chake. Sasa mtu ambae amechoka, ana njaa, amekaa kwenye usukani tangu alfajiri, watoto wanapiga kelele nyuma, na bado akiona mtu amekwama moyo wake unasimama kabla ya gari, huyo tabia yake haijapakwa rangi dada yangu, ndivyo alivyo.

Kwahiyo la kwanza unalotakiwa kulifanya ni kuyahifadhi. Usiseme tu mume wangu ana roho nzuri, hiyo haitoshi, kila mtu anasema hivyo kwenye harusi. Hifadhi kitendo chenyewe, ule ubao chini ya jeki, yale magoti kwenye vumbi, ile sauti aliyomwambia mzee niombee dua tu. Maana itafika siku na yeye atarudi nyumbani amevunjika, kazi imekatika au deni limemzidi au kasingiziwa jambo, atakaa kimya kwenye kona (umesema mwenyewe ni mtu wa kimya) na moyoni anajiona hana thamani yoyote. Siku hiyo hatakuwepo yule mzee wala yule mama wa kumtetea. Utakuwepo wewe, na hapo ndo utamwambia baba fulani, mimi nilikuona siku ile ulivyomfanyia yule mzee, na wala hukutaka senti yake, nina imani Allah hamtupi mtu wa namna hii. Nakuhakikishia maneno hayo kwa mwanaume aliyevunjika yanafanya kazi kuliko nasaha za masheikh kumi.

Kuna kisa kingine kinakuhusu pia, cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas kuanzia aya ya 23. Musa anakimbia kutoka Misri, hana kitu, hana mwenyeji, anafika kwenye maji ya Madyan anakuta wachungaji wamejazana wananywesha wanyama wao, na pembeni kuna mabinti wawili wamezuia wanyama wao wanasubiri. Akawauliza mna nini? Wakasema hatuwezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke na baba yetu ni mzee sana. Akawanyweshea. Hakuuliza nalipwa nini, hakuomba hata sehemu ya kulala, akarudi kivulini akamuomba Mola wake tu, Mola wangu mimi ni muhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia. Baadae mmoja wa mabinti wale akaja kumuita huku anatembea kwa haya, na mmoja wao ndo aliyemwambia baba yake, ewe baba yangu muajiri, hakika mbora wa kumuajiri ni mwenye nguvu muaminifu. Na ukaishia kwenye ndoa, mzee akamuozesha mmoja wao. Unaona lakini hapo, wema wa msafiri kwa watu asiowajua, binti anauona, anaukamata, na anausema mbele ya baba yake kwa maneno machache ya kweli. Hakuona haya kusema.

Sasa tuje kwenye maswali yako.

Kumsifia usoni. Ni kweli kuna hadithi ya kuonya, mtu alimsifia mwenzake kupita kiasi mbele ya Mtume (s.a.w.) akamwambia ole wako umekata shingo ya mwenzako, kisha akafundisha kwamba ikibidi mtu asifie basi aseme namdhania fulani hivi na Allah ndie anaemjua hasa. Lakini Mtume huyo huyo alimwambia Ashajj wa kabila la Abdul Qays uso kwa uso, hakika una sifa mbili Allah anazipenda, upole na utulivu wa kutofanya haraka, iko katika Sahih Muslim. Wanazuoni wakazikusanya hizi wakasema kinachokatazwa ni kupamba na kupitiliza, au kumsifia mtu ambae unajua kichwa kitavimba, ama kutaja jema alilolifanya mtu ili atie nguvu azidi, hilo ni katika kheri. Na mume na mke ndo zaidi, maana hapo mnajuana madhaifu, hawezi kujidanganya mbele yako kwamba yeye ni malaika. Kwahiyo taja kitendo, usimpambe yeye. Mwambie nimekipenda ulichokifanya kwa yule mzee, halafu umuombee. Mtume (s.a.w.) amesema mtu akifanyiwa wema akamwambia aliyemfanyia Allah akulipe kheri basi amefikia mwisho wa kushukuru. Na wewe umefanyiwa wema siku ile dada yangu, usidhani ni yule mzee peke yake, watoto wako wamekaa kiti cha nyuma wameona baba yao anapiga magoti kwa ajili ya mtu asiyemjua, hilo darasa hakuna ada inayolilipia.

Mumeo mwenyewe alitaka dua tu, na hao ndo watu waliosifiwa katika Suratul Insan wanaosema tunawalisheni kwa ajili ya Allah tu, hatutaki kutoka kwenu malipo wala shukrani. Wapo wanaoichukua aya hii vibaya wakadhani basi mtu wa hivyo asishukuriwe kumbe aya inamzungumzia anaetoa, kwamba yeye asidai. Upande wa anaeona na anaepokea kuna hadithi nyingine, hamshukuru Allah asiyewashukuru watu. Kila mmoja ana wajibu wake.

Tena kuna jambo linanigusa kila nikilisoma. Katika Bukhari na Muslim yupo mtu alikuwa anatembea njiani akakuta tawi la miba limeziba njia akalisogeza pembeni, hadithi inasema Allah akamshukuru akamsamehe. Na yupo mwingine alikuwa njiani akashikwa na kiu kali, akashuka kisimani akanywa, alipotoka akakuta mbwa anahema analamba udongo wa unyevu kwa kiu, akashuka tena akajaza maji kiatu chake akakishika kwa mdomo akapanda akamnywesha, hapo pia neno ni lile lile, Allah akamshukuru akamsamehe. Ona visa vyote viwili ni vya njiani, na ona ni vitu vidogo ambavyo hakuna mtu alikuwa anaangalia. Sasa ikiwa Mola wa walimwengu wote anamshukuru mja kwa tawi la mti, sisi tunaona uzito gani kumwambia mume asante?

Fungu lako la thawabu. Usikate tamaa hapa. Katika hadithi ya Bi Aisha (r.a.) Mtume anatuambia mwanamke akitoa chakula cha nyumbani kwake bila kuharibu basi yeye ana ujira kwa alichotoa, mumewe ana ujira kwa kuchuma, na mtunza hazina vile vile, hakuna anaempunguzia mwenzake. Wema wa nyumba moja unaenea kwa wote walioshiriki. Na wewe umeshiriki, muda uliotolewa ulikuwa wako pia, ulikaa juani ukimsubiri, ulikubali yule mama apande, akakaa na watoto wako. Ulikubali shingo upande, sawa, lakini ulikubali, na nina matumaini Allah atakuandikia. Na ukitaka fungu kamili basi safari ijayo ingia nae kwenye jambo lenyewe kuanzia mwanzo. Lipo lile tukio la Abu Talha na mkewe, mgeni kaja kwa Mtume ana njaa, nyumba za Mtume hazina kitu siku hiyo isipokuwa maji, Abu Talha akamchukua kwake, mke anasema hatuna kitu ila chakula cha watoto, wakapanga wote wawili, watoto wakalazwa, taa ikazimwa kwa kisingizio cha kuitengeneza, wakakaa gizani wanajifanya wanakula nae mpaka mgeni akashiba. Asubuhi Mtume (s.a.w.) akawaambia Allah amependezwa na mlivyomfanyia mgeni wenu jana usiku. Wao wawili. Mume peke yake asingeweza kitu pale, angemleta mgeni halafu mke anune jikoni, mgeni angejua.

Wivu wako. Wivu wa mke kwa mumewe ni maumbile na hauandikiwi dhambi kwa kukupitia tu moyoni, hata wakeze Mtume uliwapata. Unakuwa dhambi ukikupeleka kwenye dhulma au dhana mbaya au matusi, na wewe hujafika huko. Ila nataka uone adabu ya mumeo pale. Hakusimamisha gari kisha akakuambia sogea, alikuuliza kwanza, na akataka yule mama akae nyuma na watoto wala sio mbele na yeye. Huyu mtu anajua mipaka. Linganisha na kisa cha Asma binti Abubakar (r.a.) alikuwa anatoka shamba la mumewe Zubayr amebeba mbegu za tende kichwani, Mtume akampita yeye na kundi la Maansari (Waislamu wenyeji wa Madina), akampigisha ngamia wake magoti ili ampakie nyuma yake. Asma akaona haya kwenda na wanaume, akakumbuka na wivu wa Zubayr, Mtume akajua ameona haya akaendelea na safari yake, hakumlazimisha. Alipofika akamsimulia mumewe, Zubayr akasema wallahi wewe kubeba mbegu ni kugumu zaidi kwangu kuliko wewe kupanda pamoja nae. Yaani mtu mwenye wivu mkali kama Zubayr alipopima mizani aliona tabu ya aliyebeba mzigo ndo inauma zaidi.

Na kama unataka kujua yule mama mliyempakia alijisikiaje, msikilize Ummu Salama (r.a.). Mumewe alitangulia Madina, yeye akazuiwa Makka kwa muda mrefu, alipopata ruhusa akatoka peke yake na mtoto wake mdogo juu ya ngamia. Alipofika Tan'im, nje kidogo ya Makka, akakutana na Uthman bin Talha, ambae wakati huo hata hajasilimu. Akamuuliza unaenda wapi, akasema kwa mume wangu Madina, akauliza huna mtu? Akasema sina ila Allah na huyu mwanangu. Akasema wallahi huwezi kuachwa hivi, akashika hatamu ya ngamia akaenda nae safari yote ile. Ummu Salama mwenyewe anasimulia, wakifika mahali pa kupumzika anampigisha ngamia magoti kisha anajitenga mbali mpaka yeye ateremke, akishateremka anamchukua ngamia anamshusha mizigo anamfunga kwenye mti, halafu anaenda kulala chini ya mti mwingine. Muda wa kuondoka ukifika anamleta ngamia ameshatandikwa, anarudi nyuma, anamwambia panda. Hivyo hivyo mpaka vikaonekana vijiji vya Quba akamwambia mumeo yuko humu, ingia kwa baraka za Allah, akageuka akarudi Makka. Ummu Salama aliishi miaka mingi sana baada ya hapo na alikuwa anasema sijapata kuona msafiri mwenza mkarimu kuliko Uthman bin Talha. Wema wa njiani anaefanyiwa hausahau. Basi mume wako pengine kuna nyumba mahali fulani anaombewa dua na mtu ambae hajui hata jina lake, na dua ya msafiri kama unavyojua ni katika dua zisizorudishwa.

Kuhusu kulalamika kwamba mtachelewa, hilo silioni kuwa kosa kubwa, mama mwenye watoto ana haki ya kuwaza usiku na usalama. Mumeo nae ajue kwamba ninyi ndo wa kwanza, Mtume (s.a.w.) alipotaja dinari ya njia ya Allah na ya kumkomboa mtumwa na ya maskini na ya familia alisema yenye ujira mkubwa ni ile uliyoitumia kwa familia yako. Na si kila anaepunga mkono barabarani asimamiwe, usiku penye giza mahali msipopajua na watoto ndani ya gari, inatosha kupiga simu kwa wanaohusika au kumwambia mtu wa mbele. Allah amesema wala msijitie kwenye maangamizo kwa mikono yenu. Haya yazungumzeni mkiwa nyumbani mmetulia, mkubaliane tunasimama wapi na hatusimami wapi, sio njiani huku gari linapunguza mwendo na wewe umeshavimba. Lakini asili ya jambo ni kusaidia. Mtume alikuwa safarini na maswahaba akaja mtu juu ya kipando chake anaangalia kulia na kushoto, hakusema kitu, Mtume akaielewa ile haja machoni mwake akasema mwenye kipando cha ziada ampe asiye na kipando, mwenye akiba ya chakula ampe asiye na akiba. Msimulizi Abu Said al-Khudri anasema akataja aina za mali mpaka tukaona hakuna hata mmoja wetu mwenye haki na cha ziada. Kiti kitupu kwenye gari ni katika ziada.

Kumposti, hapana, mimi sikushauri. Sio kwamba ni haramu moja kwa moja, Allah amesema mkidhihirisha sadaka ni vizuri na mkizificha mkawapa mafukara ni bora zaidi kwenu. Ila hapa kuna watu watatu wa kuwafikiria. Mumeo, ambae hakuomba watu wajue. Wewe, maana watu wakianza kumsifia huko mtandaoni nia yako inaweza ikageuka bila kujijua. Na wa tatu ndo anasahaulika siku zote, yule mama mwenye mtoto mgongoni na yule mzee mwenye pancha, hawakukubali shida yao iwe picha kwenye simu za watu. Qurani inasema msibatilishe sadaka zenu kwa masimbulizi na udhia. Kama unatamani kusimulia, msimulie mama mkwe wako, mwambie mama, mtoto wako umemlea. Wasimulie watoto usiku kabla ya kulala. Hao wana haki ya kujua.

Imebaki ile sentensi yako, "hujawahi kunijali hata siku moja". Hii naomba uiache kabisa. Siku ya kupatwa kwa jua Mtume (s.a.w.) alihutubia akatuonya nayo hasa, kwamba mtu anatendewa wema umri mzima, akiona jambo moja lisilompendeza anasema sijaona kwako kheri yoyote. Na wanaume msidhani mmesalimika, kwenu kuna ile ya Sahih Muslim, muumini asimchukie mkewe muumini, akichukia kwake tabia moja ataridhia nyingine. Mwanaume ambae mkewe ana huruma kwa watu na yeye anachoona ni kwamba chakula kimechelewa, ajifunze kwa Mtume alivyokuwa kwa wakeze, Zaynab binti Jahsh alikuwa anafanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka, Mtume akamtaja kwa sifa ya mkono mrefu, na wenzake wakaja kuielewa baadae kwamba alikusudia utoaji. Na hata baada ya Bi Khadija kufariki, Mtume alikuwa akichinja mbuzi anawapelekea marafiki wa Bi Khadija.

Kwako wewe, ukikasirika tena sema kilichokuudhi siku hiyo hiyo peke yake, nimeudhika hukunijibu simu, basi. Lile neno "hujawahi" linafuta yote uliyoyashuhudia, na wewe umeshashuhudia mengi. Na usikae ukamsubirisha kwa hotuba ndefu ya kuomba msamaha wala barua, leo akirudi mpe maji akae, mwambie kitu kimoja tu ulichokiona njiani na kilivyokugusa, umuombee Allah amlipe kheri. Akikujibu mbona kawaida tu, au akanyanyuka akaenda kutawadha bila kusema kitu, usiumie, watu wa kimya ndo wanavyopokea, we mpitishie, umeshasema na amesikia.

Wallahu aalam.